Bango la Ngoma Lisomwe na Muuza Samaki

Kabla hujafungua kompyuta wala kukoroga rangi, nenda mnadani. Kwetu Bagamoyo mnadani ni pale ufukweni, jirani na jengo la forodha la zamani, ambapo ngalawa na mashua zinashusha samaki na kila fungu linapigiwa kelele mpaka lipate mwenyewe. Mimi kazi yangu ni mabango na nembo. Wateja wangu ni vikundi vya ngoma, wachongaji, wachora tingatinga, na nyumba mbili tatu za Mji Mkongwe wa hapahapa Bagamoyo zinazopokea watazamaji. Miaka ya mwanzo nilikuwa nachorea ndani, feni inazunguka. Nikitoka nakuta bango langu limening'inia barabarani, limenyooka, linapendeza, na watu wanapita chini yake kama wanavyopita chini ya nguzo ya umeme.

Siku moja nikamwuliza mama mmoja anayekaanga samaki pale. Sote tunamwita Bi Mkubwa.

“Shikamoo Bi Mkubwa.”

“Marahaba mwanangu. Leo nikufungie wangapi?”

“Leo nina swali tu. Lile bango pale juu umelisoma?”

“Lipi? Lile la wazungu?”

Lilikuwa bango la mdundiko. Mdundiko, ngoma ya Wazaramo, ngoma ambayo Bi Mkubwa mwenyewe alitolewa nayo nje alipokuwa mwali. Na aliyelichora ni mimi, mtoto wa hapahapa, niliyelelewa na mjomba aliyekuwa akiandika vibao vya maduka kwa brashi na rangi ya mafuta. Nilirudi nyumbani nimenywea.

Haya ya hapa chini nimeyapata kwa kulifumua bango lile uzi kwa uzi. Kama una kikundi cha sanaa, nyumba ya makumbusho au tamasha la mtaa, au umepewa kazi ya kuwachorea watu wa namna hiyo, chukua yanayokufaa.

Maswali ya mlangoni

Kesho yake nilirudi mnadani na daftari. Usiwaulize watu “mnaionaje sanaa yetu”, maana hapo watakujibu kwa adabu tu na utaondoka na sifa zisizokusaidia. Uliza hivi: “Ungekuja? Nini kingekuzuia?” Mimi sikupata hata mmoja aliyesema hapendi ngoma. Walichoniuliza wao ni hiki: Kwani na sisi tunaruhusiwa? Kiingilio shilingi ngapi? Inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi, maana kuna watoto na kuna bahari? Hakuna aliyetaka kujua kikundi kilianzishwa mwaka gani wala wafadhili ni akina nani. Na kwenye bango langu hayo mawili ndiyo yaliyokalia kichwa cha juu.

Hilo swali la kuruhusiwa usilicheke. Mji huu umepokea wageni tangu enzi za misafara ya bara. Wamisionari walifika 1868, Wajerumani wakapafanya makao makuu yao mpaka 1891, na leo watalii wanashuka kila wiki. Vibao vyetu vimeandikwa kwa kumwangalia mgeni. Kwenye maeneo ya kale kama magofu ya Kaole, bei ya raia na bei ya mgeni hazifanani, na ya raia ni nafuu. Lakini kibao chochote kikianza na dola, raia hafiki mstari wa pili. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wachora mabango tumechora ile nusu ya kwanza tu.

Kwa hiyo: bei ya raia itangulie, kwa shilingi, kwa herufi kubwa. Ya mgeni ifuate chini yake. Kama ni bure, neno BURE likae juu kabisa, kabla hata ya jina la kikundi. Mwenyekiti atanuna, mwache anune. Kiswahili kitangulie Kiingereza, na Kiingereza kiwe nusu ya ukubwa. Mgeni aliyesafiri kutoka kwao kuja kutazama ngoma hatashindwa kuinama kidogo asome.

Sasa saa. Hapa nina aibu yangu. Bango lile niliandika “8:00”, nikiwa na maana ya usiku, kwa sababu programu ya kompyuta ilikuja na mfano uliokwishapangwa na mimi nikabadilisha tarehe tu. Siku ya siku, saa nane mchana, jua la utosi, akina mama kama kumi na tano wamefika uwanjani na watoto wao wameshika mikeka. Waliolisoma bango walilisoma kwa Kiswahili, kama ilivyo haki yao. Uwanja mtupu. Kijana mmoja wa kikundi alikuwa anafagia, akawaambia “bado sana”. Walikaa kivulini mpaka alasiri, wakanunua mihogo, wakaondoka. Usiku tulipoanza hawakurudi, na nani angerudi? Tangu siku ile naandika “saa 2 usiku, baada ya Isha”, na kwa mgeni chini yake naandika 8 PM. Kutaja sala ni salama kuliko tarakimu, kwa kuwa hakuna mtu wa hapa asiyejua Isha inasaliwa wakati gani, hata asiyesali.

Na tarehe yenyewe usiipange bila kuangalia mwezi. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutoka usiku wa giza, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa. Ukiweka onesho usiku wa giza, wanaume nusu wako baharini. Ukiliweka mbalamwezi, wako nyumbani, na uwanja unapata mwanga wa bure. Utasema hilo si la mchoraji. Mimi nasema mteja akikuletea tarehe mbovu, mwambie kabla hujachapa.

Kanga ilishatufundisha

Kuna watu wananiuliza nimesomea wapi mpangilio wa bango. Nimesomea kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kanga ina mambo matatu: pindo linalozunguka, mji katikati, na jina. Pindo linakwambia kitu kinaanzia wapi na kuishia wapi. Mji unalivuta jicho kutoka mbali. Jina ni mstari mmoja, herufi kubwa, maneno machache mno, yanayosomeka mwenye kanga akiwa anatembea na wewe uko nyuma yake. Angalia alivyobanwa yule aliyeitunga: nguo inakunjika, mvaaji anatembea, msomaji anaibia macho. Na bado ujumbe unafika, tena wakati mwingine unafika kwa jirani aliyekusudiwa na hasemi kitu.

Bango lako lipange hivyohivyo. Mji mmoja, yaani picha moja. Jina moja. Vingine vyote vikae kwenye pindo: tarehe, mahali, bei, lipa namba, nembo za wafadhili. Wafadhili wanapenda kuwekwa mjini. Wapeleke pindoni kwa upole, na waonyeshe kanga wakibisha.

Kutunga jina ndiyo kazi ngumu kuliko kuchora. Bango langu la kwanza lilikuwa na kichwa cha maneno nilichopewa na mwenyekiti kikiwa kwenye karatasi: “Uzinduzi wa Msimu wa Tatu wa Programu ya Uhuishaji wa Ngoma za Asili kwa Ushirikishwaji wa Jamii”. Soma kwa sauti uone kama pumzi inatosha. Kisha jiulize jamii inayoshirikishwa iko wapi humo ndani. Mimi nikajifanya mjanja, nikamwandikia Bi Mkubwa kwenye karatasi ya kufungia samaki: MWALI ANATOKA JUMAMOSI. Nikaona nimeua.

“Mwali wa nani?” akaniuliza.

“Hakuna mwali, Bi Mkubwa, ni maonesho tu.”

“Basi usiandike. Utaniletea watu na zawadi zao na mwali hayupo, nani atabeba lawama? Andika mdundiko, njooni mcheze. Sisi mdundiko hatukai tukautazama.”

Jina likawa MDUNDIKO JUMAMOSI, NJOO UCHEZE. Maneno manne. Nilichojifunza pale kimezidi jina lenyewe: neno “maonesho” lilikuwa linamwambia mtu akae kwenye kiti atazame, na mdundiko ni ngoma ya kufuata njiani. Jipe kazi ya kumsomea rasimu mtu mmoja ambaye hana sababu ya kukusifia, na umlipe japo kwa kununua samaki.

Jambo jingine dogo kuhusu majina. Kile chuo chetu kilianza 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, na mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali, jina rasmi likawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa. Mpaka leo wapo wanaokiita Chuo cha Sanaa. Wote wanafika. Basi kama mahali penu watu wanapaita kitu fulani kwa mdomo, liweke jina hilo kwenye bango pamoja na lile la kwenye cheti, hata kwenye mabano. Usiwasahihishe watu unaowakaribisha.

Jua haliwezi kuzama baharini kwetu

Tufike kwenye nembo, mahali ambapo urafiki mwingi huvunjika. Mwenyekiti wa kikundi kile alinikabidhi orodha: ngoma, mnazi, jahazi, nguzo ya Kaole, mlango wa nakshi, ramani ya Afrika, na jua linazama baharini.

“Mzee,” nikamwambia, “Bagamoyo bahari iko upande gani?”

“Mashariki.”

“Na jua linazama wapi?”

Akanyamaza, akaangalia karatasi yake, akacheka mpaka akakohoa. Ukipita mjini hesabu utaona ni nembo ngapi zina jua hilo jekundu linalozama mahali linapochomoza. Tumelinakili kutoka kwenye picha za watalii, na picha zenyewe huenda ni za pwani nyingine kabisa.

Nembo ya kikundi inapaswa kuwa kitu kimoja ambacho wenyewe wakikiona wanajiona. Nilienda kukaa na wapigaji mazoezini, jioni, wakati wanazipasha ngoma moto ili ngozi ikaze. Ngoma zimelazwa kuzunguka moto wa makuti, kisha moja ikasimamishwa karibu na mguu wangu, nikaitazama kwa juu. Duara la ngozi, na vigingi vimechomoza pande zote. Jua. Nikachora pale pale kwa kijiti mchangani: duara, na vijiti kumi na viwili kulizunguka. Mwenyekiti alipata ngoma yake na jua lake, na halina haja ya kuzama popote.

Ujanja wa kitu kimoja kufanya kazi ya viwili si wangu. Jumba la makumbusho la V&A (Victoria and Albert) la London lilipata nembo yake mwaka 1989 kwa mbunifu Alan Fletcher: herufi A imekatwa mguu mmoja, na ile alama ya “na” inayokaa kati ya herufi mbili ndiyo inayoikamilisha. Herufi tatu, basi. Siku ya kwanza kuiona kwenye skrini nilidhani imeharibika.

Jaribio langu la nembo ni hili. Ichapishe kwa ukubwa wa sarafu, uone kama bado ni ileile. Ichape kwa rangi moja nyeusi. Mpe mtoto wa darasa la tatu aitazame, ifiche, mwambie aichore. Ya duara na vigingi waliichora watoto wote, mmoja akaongeza macho na mdomo, na kusema kweli ya kwake ilikuwa nzuri zaidi.

Kisha ikate stensili. Chukua filamu kuukuu ya eksirei, ile nyeusi unayopewa hospitali na kuisahau kabatini. Ni nyembamba, hailowi, na haichakai upesi kama karatasi. Chora kwa kalamu ya wino mzito, kata kwa wembe ukianzia sehemu ndogo za ndani, ukiacha vishikio ili katikati pasidondoke. Weka juu ya kitambaa au ubao, bandika pembe nne kwa utepe wa gundi wa karatasi. Chovya sponji ya godoro kwenye rangi, kisha igongegonge kwanza kwenye kipande cha boksi mpaka ikaribie kukauka, ndipo uje kwenye kazi. Gonga, usipake. Ukipaka, rangi inapenya chini ya filamu na nembo inaota ndevu. Mjomba alikuwa ananipiga kidole kwa mpini wa brashi kila nikipaka. Kwa stensili moja tulitia nembo kwenye ngoma zote, fulana, ndoo za maji, na vipande vya kitambaa cheupe ambavyo akina mama wa kikundi walivifunga kiunoni. Kuchapisha kanga yenu kiwandani kunataka idadi kubwa. Filamu ya eksirei haina masharti.

Herufi, na yale yanayoliua bango

Herufi zisizidi aina mbili. Mjomba alikuwa na moja nene ya jina na moja nyembamba ya maelezo, akamaliza nazo maisha yake ya kazi. Siku moja nilimwonyesha kwenye simu mabango ya ukumbi wa The Public Theater wa New York, ambayo mbunifu Paula Scher alianza kuyatengeneza mwaka 1994: maneno manene na membamba yamebanana, kama mabango ya zamani yaliyopigwa chapa kwa herufi za mbao, na kwenye jina PUBLIC kila herufi ina unene wake. Mjomba akatazama kwa muda. “Huyu naye alikosa nafasi kwenye ubao,” akasema, “akabana.” Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Ukumbi ule ulitaka sauti ya mtaani, na sauti ya mtaani mara zote inabana maneno kwenye ubao mdogo.

Ukubwa usikisie, pima. Kanuni ninayoitumia ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Msomaji akiwa ng'ambo ya barabara, mita 12, jina liwe na sentimita 10 angalau. Kwa abiria wa bodaboda, ongeza. Ukimaliza kuchora, tundika karatasi, hesabu hatua, geuka usome. Kama unasoma kwa kuwa unakumbuka ulichoandika, mwite mwingine.

Rangi: manjano juu ya nyeupe haisomeki juani, hata kama kwenye skrini inang'aa. Mabango ya kuchapwa mashineni yakipigwa na jua letu, nyekundu na manjano hutangulia kufifia, mwisho linabaki bango la buluu kama limelala maji. Ndiyo maana maneno ya lazima, yaani siku, saa na mahali, nayachapa meusi. Chumvi ya bahari inakula zile pete za chuma za kufungia. Mwezi mmoja tu kutu imechuruzika juu ya maandishi. Na kusi likianza kuvuma, Aprili kuelekea Septemba, bango lililofungwa pembe nne tu linageuka tanga la mashua, linapasuka usiku wa kwanza. Pitisha mrunda juu na mrunda chini, ufunge kwenye mirunda.

Mji Mkongwe usipigilie msumari ukutani. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukiacha sheria, ukuta wenyewe unamomonyoka. Simamisha miti miwili kwenye madebe ya mchanga, bango liwe kati, jioni unaliingiza ndani. Kibali cha kuweka bango barabarani ulizia halmashauri mapema, si siku ya kutundika.

La simu ni fupi. Picha ya mraba, maneno yasiyozidi kumi na mawili, faili jepesi kwa sababu watu wanahesabu bando. Toka nje juani, punguza mwanga wa simu, usome. Usichukue bango la mita tatu ukaliminya liingie kwenye stetasi.

Na kwa ngoma kama mdundiko, wala usikodi gari la matangazo. Tangazo la mdundiko ni mdundiko wenyewe. Tulichukua kibali serikali ya mtaa na polisi, tukatoka alasiri ya Alhamisi, ngoma zina nembo, vijana wawili mbele wamebeba bango kwa mirunda yake, tukapita Magomeni na Majengo, tukashukia mnadani. Watu walifuata kama ngoma ile inavyotaka wafuate. Bango lilisomwa na watu wanaocheza nyuma yake, kwa hiyo maandishi yalikuwa pande zote mbili. Hilo la pande mbili nililiwaza usiku wa Jumatano na lilinigharimu usingizi.

Kazi haiishii kwenye bango

Mtu amesoma, amekuja, amefika mlangoni. Hapo ndipo nembo nzuri huuawa na mlinzi mkali. Kuna nyumba moja ya maonesho nilipata kuifanyia kazi, sitaitaja, mlangoni pana ubao wenye makatazo tisa: usipige picha, usiguse, usile, usikae. Niliomba niandike upya. “Karibu. Viatu viache hapa. Picha piga bila mwanga. Ukichoka, benchi lipo uani.” Mipaka bado ipo, ila mtu anaingia mabega yakiwa chini. Mlinzi tukamfundisha kuanza na “karibuni”, na tukamshonea shati lenye nembo. Alianza kujiona mwenyeji, na mwenyeji hafukuzi wageni.

Viti navyo ni dizaini. Zamani mbele kabisa tuliweka viti vya plastiki vyenye vitambaa kwa wageni rasmi, na watu wa mtaa wakasimama nyuma ya kamba. Kamba ile ilikuwa inasema kwa sauti kuliko bango langu. Sasa mbele ni mikeka, watoto na bibi zao. Viti viko pembeni. Mheshimiwa mmoja alifika akatafuta kiti chake katikati, akaonyeshwa pembeni, akakunja uso kidogo. Ngoma ilipokolea alikuwa amesimama kama wengine.

Mwisho wa yote, hesabu. Usiulize karatasi za maoni, watu hawajazi, na wanaojaza wanaandika “mazuri”. Tunaweka ndoo tatu mlangoni, kila moja imechorwa picha: bango, simu, na mtu anamnong'oneza mwenzake. Kila anayeingia anapewa kizibo cha soda, anakitupa kwenye ndoo ya alikopata habari. Mara ya kwanza ndoo ya mnong'ono ilifurika, ya simu ikafuata, na ya bango ilikuwa na vizibo vya kuhesabika kwa vidole. Iliniuma, lakini nikaelewa bango langu kazi yake ni kumpa mnong'onaji maneno ya kunong'ona. Maneno manne anayabeba. Uzinduzi wa msimu wa tatu wa programu hauwezi kunong'onwa.

Onesho likiisha, bango lishushwe siku hiyohiyo au kesho yake. Bango la tarehe iliyopita linawazoesha watu kutosoma. Lifute chumvi kwa maji matamu, likauke, kisha liviringishe maandishi yakiwa nje. Usilikunje, litapasuka rangi kwenye mikunjo. La mdundiko sikuliviringisha. Bi Mkubwa aliliomba, nikakata kipande cha tarehe, na lililobaki amelitanda juu ya meza yake ya samaki, NJOO UCHEZE ikiwa upande wa barabarani. Wiki iliyopita mteja mmoja amemwuliza ni lini, naye akanipigia simu nimwambie.